Kivimbe cha mishipa ya damu kwenye ngozi nyeusi: kutoka dalili hadi chanzo

Picha nyingi za vitabu vya magonjwa ya ngozi zilipigwa kwenye ngozi nyeupe, na humo kivimbe cha mishipa ya damu ni chekundu cha kung'aa. Mgonjwa mweusi au wa maji ya kunde akija na kitu kilekile, unachokiona ni zambarau, kahawia iliyokolea, rangi ya damu ya mzee, au weusi mtupu. Damu haijabadilika. Juu yake kuna melanini (rangi asilia ya ngozi) inayomeza sehemu kubwa ya mwanga kabla haujafika kwenye mshipa, na ule unaorudi nao humezwa. Kwa hiyo alama ya kuzaliwa ya mishipa inaandikwa "baka", anjioma (kivimbe cha mishipa ya damu kisicho saratani) inaitwa chunjua, na Kaposi sakoma (saratani ya mishipa ya damu) ya wayo inapakwa dawa ya fangasi hadi mguu unavimba.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: kuona kivimbe kinatoka damu, kusema "ni mishipa tu", kukikata na kukitupa kwenye ndoo. Afrika Mashariki ni eneo la Kaposi sakoma, na kwa watu weusi melanoma (saratani ya chembe za rangi ya ngozi) huota zaidi kwenye nyayo na chini ya kucha kuliko sehemu zinazopigwa na jua. Mpangilio wa kufuata basi ni huu: uliza muda kwanza, angalia mahali, gusa na kubana, kisha ndipo utazame rangi. Mwongozo umeandikwa kwa matabibu, wauguzi na madaktari wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Mzazi au mgonjwa naye ataelewa kwa nini anaulizwa maswali hayo.

Kabla ya kutaja jina lolote

Mwanga wa mchana wa dirishani unashinda taa ya dari. Ongeza tochi ndogo na uimulike kutoka pembeni, si kutoka juu, ili kimo cha kivimbe na ukingo wake vionekane. Futa mafuta ya ngozi kwanza. Vaseline inayong'aa huficha rangi ya chini.

Kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote hakigharimu kitu. Chukua slaidi safi ya maabara, au rula ya plastiki angavu ukihofia kioo kuvunjika. Ilaze bapa, bana kwa nguvu ya wastani kwa sekunde 10 hadi 15, ukitazama kupitia humo wakati unabana na tena unapoachia. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri weupe, hautauona. Tafuta mambo matatu: zambarau kufifia hadi kukaribia rangi ya ngozi ya jirani, kimo kushuka, na namna rangi inavyorudi ukiachia. Ikirudi papo hapo, damu inakuja kwa kapilari (vijimishipa vyembamba kabisa) au ateri (mishipa inayotoa damu moyoni). Ikirudi taratibu kwa sekunde kadhaa, kuna nafasi pana za vena (mishipa inayorudisha damu moyoni). Bana pia ngozi nzima iliyo kando kwa nguvu ileile, kwa sababu nayo hubadilika rangi kidogo na bila kulinganisha utadanganyika.

Kipimo hiki kinakosea kwa njia zinazojulikana. Damu iliyoganda ndani ya anjioma haisogei, hivyo kitu kisicho na madhara kinabaki cheusi. Ngozi nene ya wayo haikubali kubanwa. Na ukikandamiza kupita kiasi, hata Kaposi changa hupungua rangi. Kufifia peke yake hakumtoi mgonjwa kwenye hatari, na kutofifia hakumaanishi kwamba ana saratani.

Baada ya kubana, tumia vidole. Je, kivimbe ni laini na kinabonyea, au ni kigumu? Kina joto kuliko upande wa pili? Kuna mapigo au mtetemo? Mwambie mgonjwa ainame, ashushe mkono au, kama ni mtoto, mwangalie akilia: kinachojaa damu kwa mkao ni cha vena. Kipime kwa rula na uandike milimita. "Kidogo" na "kikubwa" havitamsaidia atakayemwona mwezi ujao.

Ukiwa na dermoskopu (lenzi yenye taa ya kukuzia ngozi), weka jeli ya ultrasaundi nyingi na uiguse ngozi kwa wepesi. Ukiikandamiza unaondoa damu unayotaka kuiona. Anjioma nyingi huonyesha vyumba vya mviringo vilivyotenganishwa na kuta zilizofifia. Vyumba hivyo kwenye ngozi nyeusi huonekana zambarau, buluu-nyeusi au kahawia, si vyekundu.

Kwa picha ya simu ya kumtumia daktari bingwa, zima flashi na usogee dirishani. Gusa skrini pale palipo na kivimbe ili simu ipime mwanga hapo. Isipofanyiwa hivyo huipandishia ngozi nyeusi mwanga na kuififisha rangi yake. Piga moja ya mbali inayoonyesha sehemu ya mwili, moja ya karibu yenye rula, na moja kupitia slaidi ukiwa umebana. Hiyo ya tatu husahaulika, nayo ndiyo yenye maelezo mengi.

"Kimeota ndani ya wiki chache na hakiachi kutoka damu"

Mgonjwa huja na kitambaa au plasta iliyolowa. Kinundu kina rangi ya nyama mbichi au damu ya mzee, kinang'aa, mara nyingi kina kikonyo, na kwenye shina lake kuna ukingo wa ngozi iliyofifia uliokizunguka kama kola ya shati. Mahali pake ni vidole, midomo, fizi, kichwa na uso. Kwa kawaida hakizidi sentimita 1 hadi 2. Hiyo ni granuloma ya piojeni, na licha ya jina lake si jipu wala si maambukizi, antibayotiki hazitakisaidia. Kinaanza baada ya jeraha dogo, wakati wa ujauzito, au kwa mtu anayetumia dawa fulani: isotretinoini, baadhi ya dawa za saratani, na indinaviri miongoni mwa dawa za zamani za VVU. Vikiota vingi pembeni mwa kucha kadhaa kwa pamoja, soma orodha ya dawa za mgonjwa kabla ya kushika kisu.

Damu kwanza. Shashi iliyoloweshwa adrenalini, au shashi kavu, ibanwe dakika 10 kwa saa, bila kufunua kuchungulia. Kufunua kila dakika ndiko kunakofanya watu waseme damu imekataa kukata.

Kisha kukiondoa. Sehemu isiyo kidole, tumia ganzi ya lignokeini asilimia 1 yenye adrenalini, usizidishe miligramu 7 kwa kilo ya uzito, na usubiri dakika 7 hadi 10 mishipa ijibane. Wengi hukata baada ya dakika moja kwa kuwa ganzi imeshaingia, halafu wanashangaa damu. Kwa kidole, lignokeini tupu kwenye shina la kidole, kikomo kikiwa miligramu 3 kwa kilo, na mpira wa kufunga kidole usikae zaidi ya dakika 15 hadi 20. Ufunge na koleo linaloning'inia, maana mpira mdogo uliosahaulika ndani ya bandeji huua kidole.

Kata kinundu usawa wa ngozi kwa kisu namba 15 na ukitie kwenye formalini (dawa ya maji ya kuhifadhi nyama) hapo hapo, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomea. Nyama iliyochomwa haisomeki kwa hadubini. Sasa kwangua shina kwa kijiko cha kukwangulia mpaka ufike kwenye nyama ngumu nyeupe, ndipo uchome kwa nguvu ndogo. Kinaporudi, na hurudi mara nyingi, sababu kuu ni moja: mshipa unaokilisha ulibaki kwenye shina. Kikirudi mara ya pili, kikatwe chote kwa umbo la duaradufu hadi tabaka la mafuta na kushonwa. Hapo fikiria ngozi ya mgonjwa. Kifuani, begani, kwenye taya na sikioni, kovu la kushona linaweza kugeuka keloidi (kovu linaloendelea kunenepa) kubwa kuliko kivimbe chenyewe. Muulize kama ana keloidi mahali popote na uangalie alama za kutoboa masikio.

Kijiti cha nitrati ya fedha kinaweza kukausha kidogo cha milimita chache, lakini hakikupi nyama ya kupima na huacha doa jeusi kwa muda. Kitumike pale tu utambuzi hauna shaka, mathalani mtoto mwenye kinundu cha kawaida shavuni. Kufunga kikonyo kwa uzi nyumbani kuna kasoro ileile, na juu yake kuna hatari ya maambukizi. Mjamzito mwenye kinundu cha fizi kwa kawaida asubiri kujifungua, akipiga mswaki kwa uangalifu. Vingi hupungua vyenyewe, na vinavyokatwa kabla ya hapo hurudi kwa urahisi.

Kuna mazingira ambayo hupaswi kukiita granuloma ya piojeni bila jibu la maabara: kipo kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha wa mtu mzima, kuna weusi uliomwagika kwenye ngozi ya ukingo, kinaendelea kukua baada ya miezi miwili mitatu, au mgonjwa anaishi na VVU. Melanoma isiyo na rangi huiga granuloma kwa ukamilifu unaotisha, na inayoota kwenye wayo mara nyingi hufika hospitali ikiwa imetibiwa kama kidonda, chunjua au mwiba.

"Vidoti vyeusi vimejitokeza tumboni na kifuani"

Mtu aliyepita miaka 30 anaona vidoti vya milimita 1 hadi 5, mviringo, laini, vimeinuka kidogo, na kila mwaka vinaongezeka. Kwenye ngozi nyeupe vinaitwa kwa jina la tunda jekundu, cheri. Kwa mtu mweusi ni zambarau-nyeusi na vinahesabiwa kuwa vidoti vya kawaida vya rangi ya ngozi. Bana kwa slaidi: vingi vitapungua rangi. Ni anjioma za utu uzima na hazihitaji tiba.

Kinachochanganya zaidi ni vile vipele vidogo vya kahawia au vyeusi vya mashavuni ambavyo familia nzima huwa navyo. Hivyo ni vya tabaka la juu la ngozi, ni vikavu, havibadiliki ukivibana na havitoi damu. Vinaweza kukaa uso mmoja na anjioma, kwa hiyo bana kila aina, usibane kimoja tu.

Kidoti kimoja kilichokuwa zambarau kikageuka cheusi tititi ndani ya siku chache, pengine kwa maumivu kidogo, huwa ni anjioma ambayo damu imeganda ndani. Melanoma haibadiliki kwa kasi hiyo, lakini kwa jicho tupu huwezi kuvitofautisha kwa uhakika. Mwenye dermoskopu atazame vyumba; kimoja kikiwa cheusi na vingine zambarau, ni ushahidi mzuri wa damu kuganda. Asiye nayo akiondoe chote na kukipeleka maabara.

Akitaka kuviondoa kwa urembo, chomo la umeme la nguvu ndogo linatosha, ila mwambie mapema kwamba ngozi nyeusi huacha doa jeusi la miezi, au doa jeupe ikichomwa kwa kina. Fanya kimoja kilichofichika kwanza, subiri wiki 6 hadi 8, ndipo uendelee.

"Vipele vyeusi kwenye korodani au mashavu ya uke"

Wengi huja na hofu ya ugonjwa wa zinaa, na baadhi wameshachomwa kwa dawa za chunjua za sehemu za siri. Vipele vya milimita 2 hadi 5, zambarau hadi nyeusi, vimetawanyika kwenye ngozi ya mfuko wa korodani, vingine vina magamba membamba juu, na vikikwaruzwa hutoa damu nyingi kuliko ukubwa wake: hizo ni anjiokeratoma. Hazitokani na ngono wala haziambukizi, na mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi, ikiwezekana mwenzi wake akiwepo. Chunjua za sehemu za siri zina uso wa mikunjo kama koliflawa, zina rangi ya ngozi au kahawia, na hazipungui ukizibana. Angalia pia kama kuna vena zilizotanuka za korodani au ngiri, kwa kuwa msukumo wa vena huzidisha vipele hivi.

Kuna hali moja ya kuigeukia kwa uzito. Kijana, hasa wa kiume, mwenye vipele vingi kuanzia kitovuni hadi mapajani, ambaye tangu utotoni anahisi viganja na nyayo vikiungua na hatoki jasho kama wenzake, apimwe mkojo kwa protini na apelekwe hospitali ya rufaa. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa Fabry, wa kurithi, unaoharibu figo na moyo.

"Mtoto ana alama inayokua"

Maswali mawili yanatenganisha karibu kila kitu: ilikuwepo siku ya kuzaliwa? Na tangu hapo imekua kuliko mtoto?

Hemanjioma ya utotoni (kivimbe cha mishipa ya damu cha watoto wachanga) huwa haipo wakati wa kuzaliwa, au ipo kama doa hafifu ambalo kwa mtoto mweusi hufanana na mchubuko. Katika wiki za kwanza inaanza kuinuka. Kasi kubwa ni kati ya wiki ya 5 na ya 7, na kufikia miezi 3 imeshapata takribani asilimia 80 ya ukubwa wake. Baada ya mwaka mmoja inaanza kusinyaa, na sehemu kubwa ya kusinyaa hukamilika kufikia miaka 4. Ya juujuu huwa na uso wa chembechembe, nyekundu iliyokolea au zambarau. Ya ndani ni uvimbe laini wenye kivuli cha buluu chini ya ngozi ya kawaida, na kwa mtoto mweusi kivuli hicho kinaweza kukosekana kabisa, ukabaki na uvimbe laini wenye joto kidogo. Huwapata zaidi wasichana na watoto njiti.

Ratiba hiyo inaeleza kwa nini kumwambia mama "itaisha yenyewe, mrudishe akifika mwaka" ni ushauri unaoumiza baadhi ya watoto. Madhara hutokea katika miezi 3 hadi 5 ya mwanzo. Anayehitaji rufaa ahamishwe mapema, ikiwezekana kabla ya wiki 8: aliye nayo kwenye kope au karibu na jicho, puani, mdomoni, au eneo la nepi panapochubuka, aliye nayo kwenye kidevu na shingo kama ndevu, hasa akikoroma au kupumua kwa mlio, kwa kuwa nyingine huweza kuwa kooni, mwenye baka kubwa la uso la zaidi ya sentimita 5, ambalo huweza kuambatana na kasoro za ubongo, mishipa ya kichwa, moyo na macho, aliye nayo katikati ya kiuno juu ya makalio, ambapo uti wa mgongo upimwe kwa ultrasaundi, na mwenye hemanjioma 5 au zaidi za ngozi, ambaye ini lake lipimwe. Ukiona sehemu ya hemanjioma inageuka kijivu au nyeupe kabla ya mwezi wa 4, jua kidonda kinakaribia.

Tiba ni propranololi, tangu madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walipotangaza mwaka 2008 kwamba hemanjioma za watoto waliopewa dawa hiyo kwa sababu ya moyo zilisinyaa. Huanza na miligramu 1 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu, na kupandishwa hadi miligramu 2, wakati mwingine 3, kwa angalau miezi 6. Pima mapigo ya moyo na presha kabla ya dozi ya kwanza, kisha saa 1 na saa 2 baada yake. Mtoto wa chini ya wiki 8, njiti, au mwenye tatizo lingine aanzishiwe wodini. Mwenye pumu au mapigo ya polepole asipewe.

Hatari kubwa ni sukari kushuka. Dawa itolewe wakati wa kunyonya au mara tu baada yake, na mama aelezwe bila kuzungusha: siku mtoto anapotapika, anapokataa kunyonya au anapobanwa na kifua, dawa isimame. Hatari ya pili ni kipimo. Mtoto wa kilo 5 akiwa kwenye miligramu 2 kwa kilo anahitaji miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Kidonge kimoja cha miligramu 40 ni dozi nane zake. Kukivunja kwa kukadiria nyumbani hakufai. Mfamasia aandae dawa ya maji yenye kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, na mama apewe bomba la sindano lisilo na sindano lenye alama ya mililita zake.

Kwa hemanjioma ndogo, nyembamba, isiyo na kidonda, matone ya macho ya timololi asilimia 0.5, tone moja mara mbili kwa siku juu yake, yanatosha. Usiyapake kwenye kidonda wala ndani ya mdomo, kwa kuwa hufyonzwa na kuingia mwilini.

Uvimbe mgumu, wa zambarau, unaouma, unaovimba ghafla na kuzungukwa na alama za kuvia damu si hemanjioma ya kawaida. Pima chembe sahani (zinazogandisha damu) siku hiyohiyo. Zikiwa chini sana, huyo ni mgonjwa wa dharura wa hospitali kubwa, na usimchome sindano ya msuli.

"Ilikuwepo tangu kuzaliwa, haikui wala haiishi"

Baka bapa la mishipa la upande mmoja wa uso, likikomea katikati kana kwamba limekatwa kwa mstari, kwa mtoto mweusi huonekana kama ngozi iliyoiva zaidi, kahawia yenye uzambarau. Mara nyingi huandikwa kuwa alama ya rangi. Libane: likififia, au likikolea mtoto anapolia, ni la kapilari. Linakua sambamba na mtoto, halifutiki, na ukubwani linaweza kunenepa na kuota vinundu. La kwenye paji la uso au kope ya juu ndilo la kuharakisha, maana linaweza kwenda pamoja na degedege na presha ya jicho. Jicho linalotoa machozi, kukimbia mwanga au kuonekana kubwa kuliko jingine lionwe wiki hiyohiyo na daktari wa macho.

Baka la buluu-kijivu la kiunoni na matakoni, la kawaida sana kwa watoto wetu, halififii likibanwa kwa sababu ni la melanini ya ndani. Liandikwe kwenye kadi ya kliniki, lisije likadhaniwa ni alama za kipigo.

"Ni buluu na kinabonyea" au "kinadunda"

Uvimbe laini unaonywea ukibanwa na kujaa tena mkono ukishushwa ni kasoro ya vena. Vijiwe vigumu ndani yake ni damu iliyoganda na kuwa ngumu kwa chokaa. Vinauma, lakini havina uhatari wa saratani. Wa mdomoni kwa mzee, uliolegea na unaonywea kabisa chini ya slaidi, ni vena iliyotanuka tu.

Kinachodunda, chenye joto na mtetemo, kimeunganisha ateri na vena. Usikikate, usikichome sindano, usichukue nyama. Kipimo ni ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu, na kazi ni ya daktari wa mishipa.

"Mabaka na vinundu vyeusi miguuni, haviumi"

Hapa ndipo rangi inapomdanganya mtu zaidi. Kaposi sakoma kwenye ngozi nyeusi huanza kama mabaka ya kahawia-zambarau au meusi, hunenepa kuwa vinundu vigumu, na mguu huvimba na kukakamaa. Slaidi haiondoi rangi yake yote. Fungua mdomo wa kila mgonjwa na umulike kaakaa: baka la zambarau hapo, pamoja na la mguuni, linakaribia kukupa jibu. Tazama fizi, ncha ya pua na korodani. Kikohozi cha damu au choo cheusi kama lami humaanisha imefika ndani.

Pima VVU, lakini majibu yakiwa hasi usiifute Kaposi. Virusi vinavyoisababisha, HHV-8, viligunduliwa mwaka 1994, ila ugonjwa wenyewe ulikuwa umeenea Afrika Mashariki na Kati kabla ya UKIMWI. Usimpe prednisoloni (dawa ya steroidi) mtu mwenye vinundu vya zambarau ambavyo havijapimwa, inaweza kuichochea. Kuna pia upande wa pili wa makosa: mgonjwa wa VVU mwenye kinundu cheusi akaandikiwa Kaposi na dawa za saratani bila nyama kupimwa, kumbe ni kovu la kuvimba, fangasi wa ndani au ngozi iliyowiva kwa vena mbovu.

Vinundu vinavyotoka damu kirahisi pamoja na homa na kukonda, kwa mtu ambaye CD4 zake (chembe za kinga ya mwili) ziko chini ya 100, vinaweza kuwa maambukizi ya bakteria wa Bartonela. Vinafanana na Kaposi na granuloma ya piojeni, lakini hivi vinapona kwa dawa: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, au erithromaisini miligramu 500 mara nne, kwa miezi isiyopungua 3. Mjamzito apewe erithromaisini.

Dalili tatu za kupitia haraka

Maumivu makali chini ya ukucha yanayozidi kwenye baridi, na yanayopatikana kwa ncha ya kijiti kwenye nukta moja tu, ni uvimbe wa glomasi. Funga mkono kwa mashine ya presha. Maumivu yakipotea, una uhakika mkubwa. Hukatwa na kuisha.

Vilengelenge vilivyosongamana, vingine vya maji na vingine vyenye damu, vinavyovuja kwa miaka, ni vya mishipa ya limfu. Mizizi yake iko ndani, ndiyo maana kuvichoma juujuu hakuvimalizi.

Kidoti chenye vijimishipa vinavyotawanyika kama miale huonekana kwa shida kwenye ngozi nyeusi. Bana katikati kwa ncha ya kijiti: miale hupotea, ukiachia hujaa kutoka kati kwenda nje. Zaidi ya 5 kwa mtu asiye mjamzito wala anayetumia vidonge vya uzazi, pima ini.

Nyama imekwenda, jibu haliendani

Formalini iwe ya asilimia 10 na iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Kipande kilichobanwa kwenye chupa ndogo huozea katikati. Kwa Kaposi tumia kitobozi cha milimita 4 kwenye kinundu au baka nene, si kwenye kidonda, na si kwenye sehemu ya mguu iliyovimba zaidi ikiwa kuna pengine, kwa kuwa itachelewa kupona. Bana dakika 5 hadi 10 kabla ya kushona.

Kwenye fomu usiandike "kivimbe" pekee. Andika umri, mahali hasa, muda, milimita, rangi uliyoiona, kilivyofanya ulipobana, na hali ya VVU. Mpatholojia anayesoma "granuloma ya piojeni?" bila kujua kwamba mgonjwa ana VVU na mabaka mengine sita mguuni hana sababu ya kutafuta HHV-8.

Jibu likirudi "tishu ya granuloma" au "mishipa iliyoongezeka" huku mguu ukiendelea kujaa vinundu, kipande chako huenda kilikuwa cha juujuu mno au cha baka changa. Mpigie mpatholojia, omba kipimo cha LANA-1 (protini ya HHV-8) kwenye kipande kilekile, kisha chukua kingine kutoka kwenye kinundu kinene zaidi, kirefu hadi kwenye mafuta. Pasipo na kipimo hicho, kipande chenyewe kwenye nta kinaweza kusafirishwa hadi hospitali ya rufaa. Kwa Tanzania, picha na swali vinaweza kupelekwa pia kwa madaktari wa ngozi wa kituo cha mafunzo cha hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Mgonjwa apewe tarehe ya kurudi na namba ya sampuli yake imeandikwa kwenye daftari lake, na wewe ubaki na nakala ya namba hiyo kwenye rejista.